Kamba Moja ya Mwalimu Kariuki

Mkuu wa idara aliponiomba niandike "mambo machache ya kuwasaidia vijana", nadhani alitarajia kurasa mbili za shukrani na picha yangu nikikata keki. Keki ilikatwa, ilikuwa tamu, na nashukuru. Lakini nimefundisha fizikia ya kwanta miaka thelathini na mmoja, kumi na miwili katika tawi letu la Kitale na iliyobaki hapa Bungoma, na kurasa mbili hazinitoshi. Mambo ya vyeo na mishahara siyaandiki. Anayetaka kujua nilipandishwa lini aende ofisi ya wafanyakazi, kama faili langu bado wanalo.

Nyinyi mnaobaki na somo hili mtarithi kabati langu la kijivu, lile ambalo mlango wake hufunguka kwa teke. Ndani mtakuta filimbi, tepu ya kupimia kiwanja, na kamba moja ya katani iliyochakaa. Msiitupe kabla ya kusoma haya.

Siku yangu ya kwanza kazini, Kitale, mvua ilikuwa imenyesha hadi asubuhi na njia ya kutoka barabarani hadi maabara ilikuwa tope tupu. Nilifika viatu mkononi. Mlangoni alisimama mwanamume mwembamba mwenye gambuti, yale mabuti marefu ya mpira, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Karibu. Hapa gambuti ni kifaa cha maabara." Huyo ndiye Mwalimu Kariuki. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyeri yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na kila asubuhi alipitia kwenye mahindi yake kabla ya kuja kufundisha mawimbi. Viatu vyake vya darasani aliviweka kwenye droo ya meza, pamoja na karatasi za mitihani, na baadhi ya karatasi hizo zilirudi kwa wanafunzi zikiwa na alama ya soli.

Aliniuliza swali moja tu. "Nekesa, mlingano mkuu wa kwanta unaujua?" Nikasema naujua, na kwa kweli nilikuwa nimeukariri mpaka naweza kuuandika nikiwa nimefumba macho. "Vizuri," akasema. "Sasa nielezee bila huo mlingano." Akanipa wiki moja.

Mada niliyopewa ndiyo mnayoijua wote: chembe ikibanwa mahali padogo, kisha ikaachwa huru, itakuwaje? Kwenye kwanta hatusemi elektroni iko hapa, nukta. Tunaichora kwa furushi la mawimbi, na pale furushi lilipo nene ndipo elektroni ina uwezekano mkubwa wa kukutwa. Ukiiacha bila kuisukuma wala kuivuta, furushi hutanuka. Hilo ndilo nililotakiwa kuwaeleza watoto wa watu bila mlingano.

Wiki ilipokwisha nikaingia darasani na nusu kilo ya unga wa mahindi. Nikaumwaga mezani ukawa kichuguu kidogo, nikainama, nikaupuliza. Unga ukatanda meza nzima na nusu ya blauzi yangu. "Hivyo ndivyo elektroni inavyotawanyika," nikasema, nikijiona mjanja sana. Mwanafunzi wa mbele akainua mkono. "Madam, kwa hivyo elektroni imesagwa?"

Darasa lilicheka mpaka madirisha yakatikisika. Kariuki, aliyekuwa amesimama nje dirishani akijifanya anakagua mfereji wa maji, hakucheka. Baadaye akaniambia, "Unga umewadanganya, na wewe umeusaidia. Elektroni haigawanyiki. Ukiitafuta utaipata yote, mahali pamoja, nzima kama ilivyoumbwa. Kinachotawanyika ni mahali unapoweza kuikuta." Nimefundisha sentensi hiyo miaka yote na sijaona namna ya kuiboresha.

Kesho yake akanipeleka kiwanjani na ile kamba ya katani. Aliilaza chini, akawapanga wanafunzi arobaini juu yake, mabega yakigusana. Alipopiga filimbi kila mmoja alikimbia kwa kasi yake mwenyewe, bila kushindana, na alipopiga tena wote waliganda pale walipofika. Tukapima kwa tepu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. "Usiwaambie hawa ni elektroni arobaini," akaninong'oneza. "Waambie ni elektroni ile ile moja, na jaribio tumelirudia mara arobaini. Hujui mara hii utaikuta wapi." Na Kitale haikosi mkimbiaji. Kila mwaka alikuwepo msichana mmoja aliyewahi kufika mbio za taifa, na kila mwaka walikuwepo watatu waliokula chapati za kantini kabla ya somo. Pengo kati yao lilikuwa linakua kila sekunde, na hapo hata aliyelala darasani alielewa.

Mfano ule una mipaka, na Kariuki alikuwa wa kwanza kuisema. Kiwanjani unaweza kuwabana watu wote wa mwendo mmoja kwenye mstari mwembamba. Kwa elektroni huwezi. Kadiri unavyoibana, ndivyo asili inavyokulazimisha kuchanganya kasi zilizo mbali zaidi, na ndivyo itakavyotawanyika haraka ukiiachia. Ibane ndani ya upana wa atomu moja, iachie, na baada ya sekunde moja upana wa furushi lake umeshapita umbali wa kutoka Kitale hadi Nairobi. Lakini punje ya mahindi, kwa sababu ni nzito, hata ukijua ilipo kwa upana wa unywele, umri wote wa ulimwengu hautoshi kuiona ikitanuka. Ndiyo maana, Kariuki alisema, ghala lake huibiwa na panya tu.

Alipostaafu alinikabidhi kamba na filimbi bila hotuba. Somo likahamishiwa Bungoma, nami nikahama nalo. Ubaoni, kila mwaka, niliandika kwa herufi kubwa: furushi la chembe iliyo huru hutawanyika daima. Neno la mwisho nililiongeza mimi. Lilionekana zuri, na wanafunzi walipenda kitu cha kukariri.

Bungoma tulipata kompyuta sita na stima iliyokuja ilipotaka. Niliandika programu ya kuchora furushi likisafiri, na siku moja nikaona maajabu: furushi lilitanuka, mkia wake ukatoka upande mmoja wa skrini, kisha ukaingia upande wa pili na kuanza kugongana na furushi lenyewe. Wiki mbili nzima niliandika makala kuhusu elektroni inayorudi nyumbani. Nilimpigia Kariuki kumtangazia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sanduku lako lina upana gani?" Sanduku, yaani eneo ambamo kompyuta huchora furushi, lilikuwa dogo. Programu yangu iliunganisha kingo mbili za sanduku kama mkanda, kwa hivyo kilichotoka huku kiliingia kule. Makala ilikwenda pipani. Vijana, pimeni sanduku kabla ya kuandikia majarida. Namshukuru mzee yule kwa aibu aliyoniepusha, ingawa wakati ule nilikata simu bila kumuaga vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Miaka miwili kabla ya kustaafu nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa nne aitwaye Nasimiyu, kutoka Malakisi, binti wa mama mkulima wa tumbaku. Alikuwa kimya, mwenye mwandiko mdogo, na alikaa karibu na dirisha. Katika mtihani wa mwisho swali la tatu lilikuwa la alama ishirini: upana wa furushi la chembe huru hubadilikaje kadiri muda unavyopita? Nililiweka kila mwaka, kama watu wanavyoweka chumvi. Nasimiyu alianza jibu lake hivi: "Inategemea lilivyoanza." Chini yake akachora watu wakikimbia.

Nilikuwa na karatasi mia moja na kumi mezani. Niliona lile neno la kwanza, nikaona vikatuni, nikasema moyoni huyu anacheza. Nikapiga mkwaju mwekundu kwenye kurasa nne na nikampa alama tatu, kwa usafi. Jumla yake ikawa thelathini na sita, na kupita ni arobaini. Maana yake jina lake lilitoka kwenye orodha ya mahafali. Kuna chuo kikuu kilichokuwa kimemkubali kuendelea na masomo, kwa sharti awe na shahada mkononi kabla ya Septemba. Kurudia mtihani ilikuwa mwaka mzima mbele.

Alikuja ofisini kwangu, akasimama mpaka nilipomwambia akae, na hata hapo alikaa ukingoni mwa kiti.

"Madam, naomba uniangalilie hii swali ya tatu."

"Nimeiangalia, Nasimiyu."

"Madam, si kila furushi inaanza kwa mstari moja. Sasa ukiweka wale wenye mbio wawe nyuma, na wale wa polepole mbele, si kwanza watafikia wenzao? Watabanana. Halafu ndio wataachana."

"Darasani nilisema nini?"

"Ulisema daima."

"Basi."

Alinyanyuka, akachukua mkoba wake. "Asante, Madam," akasema, na akafunga mlango polepole kama mtu anayeondoka hospitalini.

Nilikasirika siku tatu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mpishi wa kantini, nikamkasirikia mwenye bodaboda aliyenirudishia chenji sawasawa. Ninajijua. Nikiwa na haki huwa sikasiriki hivyo. Jumamosi nikaenda Kitale kwa Mwalimu Kariuki, nikijiambia nakwenda kumjulia hali. Kusema kweli nilikwenda aniambie niko sawa.

Nilimkuta ghalani anapukuchua mahindi. Umri ulikuwa umemla mwili lakini vidole vilikuwa vile vile. Nikaketi kwenye gunia, nikashika gunzi, nikamsimulia yote huku tukipukuchua. Akaniuliza, "Kwani wanafunzi wako huanza wote mstari mmoja?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kama ulivyonifundisha."

"Kwa nini?"

"Si wewe ndiye ulinifundisha?"

Aliacha kupukuchua. "Nekesa, mimi nilikuwa na kamba moja."

Nilimwangalia nikidhani kuna kingine. Hakikuwepo. Katika miaka ile yote nilikuwa nimeiheshimu kamba ile kana kwamba ilishuka na amri za Mungu, kumbe idara haikuwa na ya pili. Nikamwomba kalamu. Akanipa na mfuko mtupu wa mbegu, nikaugeuza upande mweupe na kuanza hesabu upya kutoka mwanzo. Kwenye mlingano wa upana kuna kipande cha katikati, kinachobeba habari za jinsi mahali na kasi zilivyoshikana mwanzoni. Kila mwaka nilianza na furushi ambalo kipande hicho ni sifuri, ili hesabu itoshe ubaoni. Safari hii nikakiacha kibaki, bila kukifanya sifuri. Wenye kasi wakiwa nyuma, kipande ni hasi, na upana hupungua kwanza, hufika pembamba pake, ndipo hutanuka milele. Mistari sita. Nasimiyu alikuwa ameiandika yote sita, na mimi nilikuwa nimeipiga mkwaju.

Nililia pale ghalani, na siioni aibu kuandika hivyo. Kariuki aliniacha nilie. Kisha akauliza, "Sasa utafanya nini?"

"Nitamwambia yuko sawa."

"Utamwambia yeye tu?"

Jumatatu nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya mitihani. Ni mtu mwema, lakini anaipenda orodha iliyochapishwa kuliko kitu chochote. "Madam Nekesa, matokeo imetoka. Orodha ya mahafali iko kwa printa. Na hii miaka yote hakuna mtu amelalamika. Inakuwaje mmoja ndio yuko sawa na wengine wote wako makosa?" Kisha akashusha sauti. "Na watu wataongea. Wewe Nekesa, yeye Nasimiyu. Watasema ati ni mtoto wa dada yako."

Hilo lilinigusa kuliko nilivyoonyesha. Majina yetu ni ya kabila moja, ila sikuwa na undugu wowote na msichana yule, lakini najua mji wetu. Mwenyekiti alinipa hadi Alhamisi nilete kitu kinachoonyesha kwamba sikuwa nambeba mtu. Baada ya hapo orodha ingefungwa, na Nasimiyu angekaa Malakisi mwaka mzima akisubiri kujibu tena swali ambalo alishalijibu.

Nikaomba ufunguo wa stoo ya karatasi za zamani. Huwa zinawekwa miaka michache kabla ya kuchomwa, na panya huwa wameanza kazi mapema. Siku mbili nilikaa mle na leso puani, nikisoma majibu ya swali la tatu, moja baada ya jingine. Daima. Daima. Daima. Nilikuwa nimewafundisha vizuri. Jumatano mchana nikafungua karatasi ya kijana aliyeitwa Wanyonyi. Alikuwa amemaliza miaka mitatu kabla ya Nasimiyu. Mstari wake wa kwanza ulisomeka: "Si lazima. Kama wa kasi wako nyuma..." Ulikuwa umekatwa kwa rula, nadhifu kabisa. Chini yake: "Hutawanyika daima." Nami nilikuwa nimempa alama ishirini, na pembeni nikaandika vizuri sana.

Namba yake ya simu niliipata kwa wenzake. Anafundisha shule ya sekondari huko Kimilili. Nilimpigia nikiwa bado nimekaa juu ya gunia la karatasi, nikamweleza ninayo nini mkononi.

"Mbona ulifuta, Wanyonyi?"

Nilisikia pikipiki ikipita upande wake, na kengele ya shule.

"Madam, jibu nilikuwa najua," akasema. "Lakini pia nilikuwa najua ni nani anasahihisha." Kisha, kama aliyeona amenipiga, akaongeza haraka, "Pole, Madam. Sikutaka kukuudhi."

Ndiye aliyeniomba radhi. Wale walioniamini walikosea kwa sababu yangu, na aliyeona ukweli alipata alama zote kwa kuuficha. Nikamuuliza kama naweza kuyasema maneno yake mbele ya kamati. Akasema, "Sema, Madam. Sema tu."

Alhamisi kamati ilikaa, watu wanane. Sikuanza na hesabu. Niliwaomba watoke nje kwenye nyasi. Mwenyekiti alisita, lakini msajili, mama mmoja mcheshi mwenye viatu vya kisigino kirefu, alishasimama. Nikampanga yeye mbele kabisa pamoja na mwalimu wa kemia, ambaye goti lilikuwa linamsumbua. Katikati nikaweka wengine. Mwalimu wa michezo nikamrudisha nyuma hatua ishirini, na mwenyekiti, ambaye kila mtu anajua anatembea kama anakimbizwa, nikamweka karibu naye. "Kila mtu aende mwendo wake wa kawaida," nikasema, nikapiga filimbi.

Nadhani wanafunzi waliokuwa wakipita bado wanaieleza. Kamati nzima ya mitihani ilikuja ikikusanyika, ikikusanyika, mpaka mwenyekiti akamkanyaga msajili kisigino na kiatu kikamtoka. "Aii, Mwenyekiti!" akapiga kelele msajili. "Sasa huku ni kubanana!" Nami nikasema, "Endeleeni." Wakaendelea, na baada ya muda mwalimu wa michezo alikuwa karibu na geti na mwalimu wa kemia bado yuko karibu nami. Nikapuliza filimbi ya pili.

Tuliporudi ndani nilisimama. Sikuwa na chaki ya kushika. Nikasema kosa ni langu, si la karani, si la mtungaji wa vitabu, si la mwanafunzi. Nikasema nimelifundisha miaka kumi na saba. Nikaweka karatasi mbili mezani, ya Nasimiyu na ya Wanyonyi, nikawasomea mstari uliokatwa, na nikawaeleza maneno ya Wanyonyi neno kwa neno. Hapo hakuna aliyecheka. Nikawaambia kama ni lazima jina la mtu liingie kwenye kumbukumbu za kikao kwa aibu, liandikwe Nekesa.

Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. "Ni makosa ngapi hutokea na hakuna mtu anakuja kuniambia," akasema, nadhani akijisemea. Mwalimu wa hisabati alipitia ile mistari sita akatikisa kichwa kukubali. Swali la tatu likasahihishwa upya na mtu mwingine, si mimi, na Nasimiyu akapata alama ishirini. Jumla ikawa hamsini na tatu. Orodha ilikuwa imeshatoka kwa printa, kwa hivyo jina lake liliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya pili, peke yake.

Kwa hivyo, vijana, kamba bado iko kabatini. Itumieni, lakini kila mwaka anzeni mara mbili: mara moja wote mstarini, mara ya pili wenye mbio nyuma. Mkipata pesa ya kamba ya pili, nunueni. Na mwanafunzi akianza jibu kwa "inategemea", wekeni kalamu nyekundu chini kwanza, mnywe chai, kisha msome mpaka mwisho. Nawashukuru wengi katika kazi hii, na Kariuki kuliko wengi. Lakini wawili walionifundisha zaidi niliwapa alama mimi, mmoja nikamwangusha na mwingine nikamsifu, na wote wawili nilikosea.

Siku ya mahafali, hapa Bungoma, jua lilikuwa kali na hema lilijaa. Nilikaa safu ya walimu nikiwa na joho linalonuka dawa ya nondo. Msomaji wa majina alikwenda kwa herufi, akafika kwa akina Wekesa na akina Were, akasoma la mwisho lililochapishwa, akafunga faili. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka, kwenda wapi sijui, mwenyekiti alipomgusa msomaji begani. Akafungua tena faili, akageuza karatasi, akalisoma lile jina moja la kalamu. Nasimiyu akapanda jukwaani peke yake. Watu walidhani ni mwanafunzi bora wa mwaka, wakampigia vigelegele zaidi ya wote. Sikumsahihisha mtu.

Baada ya sherehe nilimwona karibu na ua wa chuo na mama yake; baba yake alikuwa ameshaketi mahali pa kupigia picha. Mama alikuwa na kanga mpya kichwani na mikono ya mtu aliyeshinda kwenye tumbaku maisha yake yote, myeusi kwenye ncha za vidole. Nilitaka kupita mbali. Nasimiyu akaniona, akaniita, na sikuwa na pa kujificha na lile joho.

Mama akanikagua. "Wewe ndio ule mwarimu aliangusha mtoto yangu?"

"Ni mimi, Mama," nikasema.

"Mama," Nasimiyu akaingilia, "ndiye. Na ndiye alisimama mbele ya wakubwa wake akasema ni yeye alikosa, si mimi."

Mama aliniangalia kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kikao chote cha kamati. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na nilikuwa nayastahili.

"Mimi nimesomesha watoto saba," akasema mwishowe. "Mwarimu kusema amekosa, hiyo sijawahi kusikia." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanivuta hadi kwenye viti vitatu ambavyo mpiga picha alikuwa amevipanga, na akamwambia baba wa Nasimiyu asogee.

"Sogea kidogo," akamwambia. "Mwarimu anakaa hapa na sisi."